Fahamu: Kwa nini programu ya kutafuta hujaribiwa kabla ya kuwekewa toleo jipya

Msikilizaji, unapoandika "bei ya mahindi" kwenye kisanduku cha kutafuta cha tovuti yoyote, kuna programu kwenye kompyuta ya mbali inayokutafutia majibu. Programu hiyo nayo hutolewa matoleo mapya, kama zilivyo programu za simu yako. Wataalamu makini hawaliweki toleo jipya kabla ya kulijaribu. Hapa tunaeleza wanajaribu nini, na kilichotokea mwaka 2011 majaribio yalipochelewa.

Programu ya kutafuta inafanyaje kazi?

Haisomi kurasa zote kila unapouliza, maana ungesubiri mno. Huandaa mapema faharasa, kama ile ya nyuma ya kitabu: kila neno na orodha ya kurasa lilimo. Ukiuliza, inafungua faharasa hiyo tu.

Programu inayotumika sana kwa kazi hii ni Lucene, iliyoanzishwa na Doug Cutting mwaka 1999. Juu yake zimejengwa nyingine mbili maarufu, Solr na Elasticsearch. Faharasa ikiharibika, habari zenyewe zinaweza kuwa salama lakini hazionekani tena kwa kutafuta. Ni sawa na ghala lililojaa magunia yasiyo na alama: mali ipo, lakini huijui ilipo.

Toleo la majaribio ni nini?

Ni toleo ambalo limekamilika kwa sehemu kubwa lakini halijatangazwa rasmi. Mengine huitwa alfa, mengine beta. La mwisho kabla ya tangazo ni toleo tarajiwa: likionekana halina kasoro, ndilo linalotolewa.

Lucene na Solr ziko chini ya taasisi ya Apache ya Marekani, na huko toleo tarajiwa hupigiwa kura. Kwa kawaida kura huachwa wazi kwa saa 72 au zaidi. Zinatakiwa kura za ndiyo zisizopungua tatu kutoka kwa wanakamati wa mradi, na za ndiyo ziwe nyingi kuliko za hapana. Katika muda huo watu hulipakua na kulijaribu kwenye mashine zao.

Yaliyotokea Julai 2011

Lucene imeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, na haiwezi kufanya kazi bila Java kuwepo kwenye mashine. Tarehe 28 Julai 2011, kampuni ya Oracle ilitoa Java 7. Siku hiyohiyo watengenezaji wa Lucene na Solr walitoa tahadhari: msiitumie.

Sehemu ya Java 7 inayoharakisha kazi ilikuwa ikikosea baadhi ya hesabu zinazojirudia. Programu ingeweza kuzima ghafla. Baya zaidi, ingeweza kuendelea kufanya kazi huku ikiharibu faharasa kimyakimya. Hitilafu hizo ziligunduliwa siku 5 tu kabla ya toleo kutoka, na muda wa kuzirekebisha haukutosha. Matoleo ya awali ya Java 7 yalikuwepo muda mrefu kabla ya hapo. Baadaye watu wa Lucene waliweka utaratibu wa kuijaribu programu yao mara kwa mara kwenye matoleo ya awali ya Java, wasisubiri lile rasmi.

Majaribio hufanywaje?

1. Kuweka nakala rudufu. Seva ya Elasticsearch ikishapandishwa toleo hairudishwi nyuma. Ukitaka kurudi, unarejesha data kutoka kwenye nakala uliyoitunza.

2. Kutumia mashine ya pembeni. Toleo jipya huwekwa mahali pengine pamoja na nakala ya data, wakati wananchi wanaendelea kutumia la zamani.

3. Kuangalia kama faharasa ya zamani inasomeka. Kwa kawaida toleo kubwa la Lucene husoma faharasa ya toleo kubwa lililolitangulia, si za zamani zaidi. Aliyekaa miaka mingi bila kusasisha hulazimika kuijenga upya.

4. Kuuliza maswali halisi. Programu nyingi zimezoea Kiingereza, ambako maneno mengi hubadilika mwishoni. Kwetu "mkulima" na "wakulima" hutofautiana mwanzoni. Anayejaribu kwa maneno ya Kiingereza pekee hatajua kama mkulima wa kwetu atapata jibu.

5. Kulinganisha. Je, majibu ni yaleyale? Yanakuja kwa kasi ileile? Mashine inahimili watu wengi kwa pamoja?

6. Kutoa taarifa. Kasoro ikionekana, watengenezaji huelezwa mapema ili wairekebishe kabla ya tangazo rasmi.

Wikipedia, ambayo ina kurasa za Kiswahili pia, ilipoanza kuhamia Elasticsearch mwaka 2013 haikuhamisha watu wote kwa siku moja. Waliojisajili waliweza kwanza kuwasha utafutaji mpya kwa majaribio, huku ule wa zamani ukiendelea kuwahudumia wengine.

Na wewe mwenye simu?

Kwenye Play Store, baadhi ya programu hukualika kujiunga na toleo la beta. Huo ni mwaliko wa kujaribu kitu ambacho hakijakamilika. Kama una simu moja tu, na humo ndimo unamopokea fedha za mauzo, usijiunge na beta ya programu ya fedha. Ukitaka kujaribu programu nyingine, kwanza hifadhi majina na picha zako mahali pengine. Ukijitoa, huenda ukalazimika kuifuta programu na kuipakua upya, na kilichokuwa ndani yake kinaweza kupotea.

Pia usipakue "toleo jipya" ulilotumiwa na mtu kwenye WhatsApp. Toleo halali la majaribio hupatikana kwa mtengenezaji mwenyewe au kwenye duka la programu la simu yako. La kutumiwa na usiyemjua linaweza kuwa mtego wa kukuibia namba ya siri.