Kuuza nyumba ya Cyangugu ukiwa mbali

Kwa watu wa umri wa mama yangu, kuuziana kiwanja hakukuwa jambo la ofisi. Lilikuwa jambo la majirani. Amri ya sheria ya tarehe 4 Machi 1976 ilikataza mtu kuuza ardhi ya kimila bila ruhusa ya waziri, na muuzaji alitakiwa abaki na hekta 2 angalau. Sasa nani huko Cyangugu alikuwa na hekta 2 za kubaki nazo? Vilima vimejaa, mgomba wako unagusa wa jirani. Basi watu wakauziana hivyo hivyo. Anaitwa anayejua kuandika, karatasi inachanwa kwenye daftari la shule, mashahidi wanaweka majina, pombe ya ndizi inanywewa, kwisha. Sheria ilikuwa Kigali, na makubaliano yalikuwa pale uani.

Nyumba yetu ina karatasi ya namna hiyo. Baba alinunua kiwanja juu kidogo ya Kamembe mwaka 1984, na chini kuna majina 6 ya mashahidi. Juu imeandikwa Komini Kamembe, Perefegitura Cyangugu. Komini hazipo tena, na perefegitura ziliondolewa mwaka 2006. Leo ni Wilaya ya Rusizi, Mkoa wa Magharibi, ingawa sisi wa zamani bado tunasema Cyangugu. Mama alipoamua kuuza, aliitoa akaniwekea mkononi. "Si njo hii? Mashahidi si walisaini?" Kumsaidia kuuza kukawa, kwa sehemu kubwa, kumweleza mambo yaliyoipata ile nyumba wakati sisi hatupo.

La kwanza lilifanyika Arusha, hata kabla hatujakimbia. Tarehe 9 Juni 1993 serikali ya Rwanda na RPF walitia saini itifaki juu ya kurudi kwa wakimbizi. Waliokuwa wakizungumziwa ni wakimbizi wa 1959 na wa miaka iliyofuata, waliokuwa Uganda, Burundi, Zaire na Tanzania. Kifungu cha 4 kinasema mali ni haki ya kila anayerudi. Halafu papo hapo kinapendekeza kwamba aliyeondoka zaidi ya miaka 10 nyuma asidai mali yake kama imekaliwa na mwingine, kwa ajili ya maelewano, na serikali imtafutie pengine pa kukaa. Mimi naona ilikuwa na busara, maana bila hivyo kila kilima kingekuwa na wenyewe wawili. Lakini iliwafundisha watu kuhesabu. Mwaka 2004 ulipokaribia, wazee kambini walikuwa wakihesabu miaka yao kwa vidole, ingawa kifungu kile hakikuandikwa kwa ajili yao.

Halafu 1994. Hapa tuseme sawasawa, kwa sababu sisi wakimbizi tuna tabia ya kuanza hadithi pale tulipovuka mto. Nyumba za Cyangugu hazikuanza kubaki tupu Julai. Zilianza Aprili, Watutsi walipouawa, na waliokimbilia usalama wakakusanywa kwenye uwanja wa Kamarampaka, wengine wakitolewa humo kwenda kuuawa, mpaka waliobaki wakapelekwa Nyarushishi. Julai na Agosti, Wafaransa wa Turquoise walipokuwa wakijiandaa kuondoka, maelfu kwa maelfu wakavuka Ruzizi kwenda Bukavu. Kati yao walikuwemo wauaji, na walikuwemo watoto kama mimi. Kwa hiyo nyumba tupu zilikuwa za aina 2, za waliouawa na za waliokimbia. Wakimbizi wa zamani waliokuwa wakirudi bila paa waliingia popote walipokuta mlango. Ya kwetu iliingiwa na familia iliyotoka Burundi. Siwezi kuwaita wezi. Walipanda parachichi, na wanasema linazaa mpaka leo.

Mwishoni mwa 1996 vita vilifika kambi za Kashusha na Inera. Baba mdogo akarudi nyumbani. Sisi tukakimbilia upande mwingine, wa msitu, na baba hakutoka huko. Baba mdogo akaidai nyumba, ile familia ikahamia kiwanja walichopewa, mambo yakatulia.

La tatu ndilo lililotusumbua zaidi: uandikishaji. Sheria ya ardhi ya 2005 ilitaka kila kipande kiandikwe, na kazi kubwa ya nchi nzima ilimalizika mwaka 2013. Vijana walipita na picha zilizopigwa kutoka angani, wakachora mipaka mbele ya majirani, vipande zaidi ya milioni 10. Majirani tena, kama zamani! Ila safari hii jina linaingia kwenye kompyuta, na kipande kinapewa namba, tarakimu ya kwanza 3 kwa Mkoa wa Magharibi. Aliyekuwepo ndiye aliyeandikwa. Baba mdogo alikuwepo. Akaandika jina lake, na kusema kweli alitufaa, kwani wakati ule ilikuwepo sheria ya 2004 juu ya mali zilizoachwa: isiyo na mwenyewe anayeonekana ilisimamiwa na serikali.

Kwa hiyo mama alikuwa anauza nyumba iliyo kwa jina la shemeji yake. Karatasi ya mashahidi 6 haikusaidia kitu. Kilichomsaidia ni cheti cha ndoa ya komini, ambacho hakuwahi kukihesabu kuwa mali. Sheria ya Novemba 1999 juu ya mali za wanandoa na urithi ilibadilisha nafasi ya mwanamke mbele ya ardhi. Iliwapa mabinti haki sawa na kaka zao, na mjane akawa na la kudai. Mama aliolewa akijua kwamba nyumba ni ya mume na ukoo wake. Ilibidi nimsomee mara mbili.

Baba mdogo hakubisha. Aliuliza jambo moja tu, na lilikuwa la haki: miaka yote ile nani aliezeka? Nani alijenga upya ukuta baada ya tetemeko la tarehe 3 Februari 2008? Tulizungumza kwa simu jioni nyingi. Tukakubaliana robo.

Ikabaki sahihi. Kama huwezi kufika kwa noteri wa ardhi, unamtuma mtu kwa hati ya uwakala, ile watu wanaita prokurasio, na kwa kawaida inapitia ubalozi. Hapo mama akasimama. Mkataba wa 1951 unasema mkimbizi anayejirudisha kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi yake anaweza kupoteza ukimbizi, na kambini ati ukionekana mlangoni pa ubalozi, umekwisha. Hofu hiyo haikutoka hewani. UNHCR ilipendekeza ukimbizi wa Wanyarwanda waliokimbia kati ya 1959 na 1998 ufikie mwisho. Nchi kadhaa zikafuata kuanzia Juni 2013, nyingine zikakataa, na tarehe ya mwisho ikawekwa Desemba 2017. Wengi tuliishi miaka ile tukisubiri kubishiwa hodi. Lakini kitabu cha mwongozo cha UNHCR cha 1979 kinasema wazi kwamba kuomba cheti cha kuzaliwa au cha ndoa, na huduma za namna hiyo, si kujirudisha. Nilimwonyesha mama. Alimwonyesha na mwanasheria anayesaidia wakimbizi, kwa sababu mimi ni mwanawe tu.

Alikaa na fomu wiki 3, kisha akasaini. Mnunuzi ni mfanyabiashara wa kuvusha bidhaa Bukavu, anataka kiwanja, nyumba ataibomoa. Analipa kwa awamu 2. Ya kwanza imefika, na robo ya baba mdogo ilitolewa humo kabla ya kitu kingine chochote.