Swali Kabla ya Fedha: Historia Fupi ya Utafiti wa Fasihi katika Vyuo Vikuu vya Kenya

Unapozuka mjadala kuhusu uhaba wa utafiti vyuoni, sababu inayotangulizwa ni fedha. Hapana anayeweza kukana kwamba mshahara duni humvunja mtafiti moyo. Hata hivyo, historia ya idara zetu za fasihi inaonyesha kuwa fedha peke yake hazielezi kwa nini wahadhiri walitafiti kwa bidii katika kipindi kimoja na wakanyamaza katika kingine.

Itakumbukwa kwamba mnamo Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliwasilisha waraka katika chuo cha Nairobi, wakitaka Idara ya Kiingereza ifutwe na pawepo idara ambayo kitovu chake ni Afrika. Waraka huo haukuahidi posho. Uliibua swali: fasihi yetu ni ipi, na iko wapi? Kulijibu kulidai kwenda kuwasikiliza wenye nyimbo na ngano. Fasihi simulizi ikapata nafasi katika mtaala, na mwaka 1972 Taban akahariri kitabu kuihusu. Kwa upande wa Kiswahili, Mohamed Hassan Abdulaziz alichapisha mwaka 1979 uchunguzi wake wa mashairi ya Muyaka, malenga wa Mombasa wa karne ya 19.

Kikwazo kilichofuata kilikuwa hofu. Ngũgĩ alitiwa kizuizini Desemba 1977, baada ya mchezo wa Kamĩrĩĩthũ kupigwa marufuku. Chama cha wahadhiri kilifutwa mwaka 1980. Alamin Mazrui, mhadhiri na mtunzi wa tamthilia ya *Kilio cha Haki* (1981), aliwekwa kizuizini mwaka 1982. Wengi wakajifunza kuchagua mada zisizomuudhi mtu.

Kikwazo kingine kilikuja kwa sura ya neema. Mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa. Soko la vitabu vya kiada na miongozo likapanuka. Hilo lilikiinua Kiswahili, lakini pia lilimvuta mhadhiri kutoka nyanjani hadi kwa mchapishaji. Mwongozo humletea mwandishi mrabaha. Makala ya jarida humletea heshima tu, tena kwa kuchelewa.

Nami simo nje ya lawama hii. Kabatini mwangu mna kanda za nyimbo za vugo nilizozirekodi Lamu nilipokuwa mwanafunzi. Miongozo nimeandika, kanda hizo sijazinukuu. Waimbaji wawili wamekwisha kufariki, na baadhi ya maneno yao hayana tena wa kunifafanulia. Hapana aliyenizuia, wala hapana aliyeniuliza.

Kwa hiyo, pamoja na kudai ruzuku, idara zetu hazina budi kurejesha desturi ya kuulizana: tunatafuta nini, kwa manufaa ya nani, na je, mhadhiri yuko huru kutangaza atakachokipata? Ruzuku humwezesha mtafiti kusafiri. Kinachomtoa nyumbani ni swali.