Shule za Jumamosi: Wapoland wa Ng'ambo na Urithi wa Lugha

Aghalabu tunapozungumzia uhifadhi wa lugha, macho yetu huielekea serikali: wizara zake, mitaala yake na redio zake. Historia ya Wapoland yatutaka tuitazame pia sebule ya mzazi na ukumbi wa kanisa. Makala haya yanachunguza shule za Jumamosi, ambako Wapoland waishio ng'ambo huwapeleka watoto wao kujifunza lugha ya wazee wao, na yanauliza ni nini kilichoziwezesha kudumu.

Katika miaka ya 1772, 1793 na 1795, Urusi, Prussia na Austria ziligawana nchi ya Poland hata ikafutika katika ramani, isirejee mpaka mwaka 1918. Katika sehemu ya Urusi, hasa baada ya uasi wa 1863, Kirusi kililazimishwa mashuleni, na Kipoland kikafundishwa kwa siri majumbani. Mjini Warsaw kilikuwako hata chuo kilichohama nyumba hadi nyumba ili kuwakwepa polisi. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Maria Skłodowska, ambaye ulimwengu ulimjua baadaye kwa jina la Marie Curie. Katika sehemu ya Prussia, mwaka 1901, watoto wa mji wa Września walikataa kujibu kwa Kijerumani katika somo la dini, wakachapwa; wazazi waliolalamika wakashtakiwa, na baadhi yao wakafungwa. Kwa hiyo kumfundisha mtoto kusoma Kipoland hakukuwa kazi ya mwalimu peke yake. Kulikuwa wajibu wa nyumba.

Wajibu huo ulifika hata kwetu Afrika ya Mashariki. Katika miaka ya 1940 na 1941 serikali ya Kisovieti iliwahamisha Wapoland wengi kwa nguvu hadi Siberia na Asia ya Kati. Walipoachiliwa, maelfu walitokea Iran mwaka 1942, na wengi wa wanawake na watoto wakaletwa katika makambi ya huku. Kambi ya Tengeru, karibu na Arusha, ilikuwa na watu wapatao 5,000. Nchini Uganda zilikuwako Masindi na Koja. Chini ya Mlima Meru watoto hao walisomeshwa kwa Kipoland na walimu waliokuwa wakimbizi kama wao. Makaburi yao yangaliko Tengeru.

Makambi yalipofungwa, wengi walikwenda Uingereza, ambako sheria ya mwaka 1947 iliwaruhusu askari wa Poland na jamaa zao kufanya makazi. Hapo ndipo Jumamosi ilipopata maana yake. Siku tano mtoto alikuwa mali ya shule ya Kiingereza, na Jumapili ilikuwa ya kanisa. Iliyobaki ni siku moja. Mwaka 1953 ikaundwa mjini London jumuiya iitwayo Polska Macierz Szkolna, ili kuzisimamia shule hizo na kuzipatia vitabu vya lugha, historia na jiografia.

Mwanaisimu atauliza: mtoto aisikiaye lugha nyumbani aifundishwe nini tena? Jibu limo katika sarufi ya Kipoland yenyewe. Nomino zake hubadilika kwa hali saba, na mtoto asiyesoma huanza kuzichanganya, kama mtoto wetu anayepotewa na upatanisho wa ngeli. Zaidi ya hayo, Kipoland humtaka msemaji amwite mtu mzima asiye jamaa yake *Pan* au *Pani*, na kitenzi kiwe katika nafsi ya tatu. Mtoto aliyezungumza na mama na nyanya yake tu hulijua umbo la ndani pekee, akamsemesha mgeni kama ndugu yake. Ni sawa na mtoto wa Kiswahili ambaye hakufundishwa kuamkia. Lugha ya jikoni anayo. Lugha ya watu hana.

Baada ya Poland kujiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 2004, wahamiaji wapya waliingia Uingereza kwa wingi. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu watu wapatao 546,000 katika Uingereza na Wales ambao lugha yao kuu ilikuwa Kipoland. Shule zikajaa tena. Hata hivyo hawa hawakufukuzwa kwao, na kumbukumbu ya Września haitoshi kumwamsha mtoto ambaye wenzake wanacheza mpira Jumamosi. Ndiyo sababu ilipotangazwa mwaka 2015 kwamba mtihani wa Kipoland wa kidato cha juu ungefutwa, jamii iliupigania hadi ukabakizwa. Cheti kilimwonyesha kijana kwamba taabu yake ilitambuliwa na ulimwengu anamoishi.

Tunaona basi kwamba shule ya Jumamosi haiwezi kuchukua mahali pa nyumba. Saa chache kwa juma haziumbi msemaji. Humpa msemaji aliyekwisha kuumbwa maandishi, adabu na wenzake wa rika. Mzazi anyamazaye siku sita, kisha akamdai mwalimu lugha siku ya saba, anamdai deni ambalo ni lake mwenyewe.