Tarehe ya Makomredi wa Mlimani

Ubishi wa nani aliyewasha moto wa kimapinduzi Mlimani, kwenye chuo cha Dar es Salaam, haujapata mwamuzi hadi leo. Ukikaa na waliosoma Dar es Salaam miaka ile, wa kwanza atakuambia ni Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana. Wa pili, hasa akiwa ametokea Kampala, ataapa kuwa ni Yoweri Museveni. Wa tatu atawataja walimu waliotoka Ulaya na Kanada na mabegi ya vitabu, kana kwamba vijana wenyewe walikuwa wakingoja kuazimwa ulimi.

Tarehe hii inashika upande wa vijana, na shahidi wake ni kalenda.

Chuo kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha Sheria, chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikaunganishwa na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwaka 1964 kikapanda kilimani, na tangu hapo mtu akisema "Mlimani" haulizwi mlima gani.

Chanzo cha baraza la makomredi, yaani wanafunzi hao wa kimapinduzi, ni fedheha, na wanaolisifu huipita haraka. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo na wa shule nyingine za mjini waliandamana hadi Ikulu kupinga Jeshi la Kujenga Taifa. Mpango mpya uliwataka wasomi wakae kambini miezi mitano, kisha wafanye kazi miezi kumi na minane kwa asilimia 40 ya mshahara. Wengine walivaa majoho ya chuo. Bango moja lilisema wazi kuwa afadhali enzi za mkoloni. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza hadi mwisho, halafu akawaka. Alisema mishahara ya wakubwa nayo ni mikubwa mno, akaanza na wake, akaukata asilimia 20 papo hapo. Wanafunzi karibu 400 walirudishwa makwao siku hiyo hiyo.

Waliobaki Mlimani walibaki na aibu, na aibu ile ikazaa maswali. Msomi anamdai nini mkulima, na mkulima anamdai nini msomi? Miezi mitatu na ushei baadaye, tarehe 5 Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha, na Machi chuo kikaitisha mkutano wa kujadili nafasi yake katika nchi ya kijamaa. Wakubwa walikuwa wakijadili mitaala. Vijana walikuwa wameshaanza kikundi chao cha kusoma ujamaa, na kabla mwaka haujaisha kikundi hicho kikawa chama: umoja wa wanafunzi wa kimapinduzi wa Afrika, uliojulikana kwa herufi zake, USARF.

Museveni, aliyeingia chuoni mwaka huo huo wa 1967 kusoma siasa na uchumi, ndiye aliyechaguliwa mwenyekiti, akakikalia kiti hadi alipohitimu mwaka 1970. Hilo halibishwi. Lakini mwenyekiti si mwanzilishi peke yake. Walikuwamo Watanzania, Waganda, Wakenya, Wamalawi, Wasudani na Wahabeshi. Walikuwamo Issa Shivji, mtoto wa Kilosa aliyesoma Sheria, Karim Hirji, mwanahisabati, Henry Mapolu, Zakia Meghji, Eriya Kategaya.

Kazi yao kubwa ilikuwa kusoma na kubishana. Darasa la itikadi lilifanyika Jumapili asubuhi, saa ambayo wenzao walikuwa kanisani au wamelala, na saa hiyo haikuchaguliwa kwa bahati. Kitabu kilisomwa, mmoja akakieleza, wengine wakamrarua. Walisoma Marx na Lenin, Nkrumah na Fanon. Hapakuwa na mtihani wala cheti. Dar es Salaam ya siku zile ilikuwa na ofisi za wapigania uhuru wa kusini, na Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa hapo hapo mjini, hivyo jambo lililobishaniwa asubuhi lingeweza kuulizwa jioni kwa mtu aliyetoka vitani. Wageni nao walialikwa. Stokely Carmichael alifika Novemba 1967, akawakera viongozi wa vyama vya ukombozi kwa kuwaambia kuwa wanakaa mjini wakati vita viko msituni. C. L. R. James alikuja, na Cheddi Jagan wa Guyana pia.

Mwaka 1968 Museveni na wenzake wachache walivuka Ruvuma, wakaingia sehemu za Msumbiji zilizokombolewa na FRELIMO. Aliporudi aliandika insha akiipima nadharia ya Fanon kuhusu matumizi ya nguvu kwa yale aliyoyaona kule, ikachapishwa mwaka 1971 katika mkusanyiko wa Tanzania Publishing House. Wanachama wengi wa mabaraza ya chuo hutaja maktaba wanapoulizwa chanzo cha hoja zao. Huyu alitaja msitu.

Na Rodney je? Alifika Dar es Salaam mwaka 1966 kufundisha historia. Mwanzoni mwa 1968 aliondoka kwenda kufundisha Jamaica. Oktoba mwaka huo serikali ya kule ikamzuia asishuke ndege, na Kingston ikachafuka kwa ghasia. Mlimani alirudi mwaka 1969. Kwa hiyo karibu mwaka mzima wa 1968, mwaka wa safari ya Msumbiji na wa kisa kitakachofuata, Rodney hakuwapo nchini. Aliporudi alikaa benchi moja na wanafunzi, akaandika katika gazeti lao, akafundisha na kufundishwa. Heshima yake ni kubwa vya kutosha bila kuongezewa ubaba wa mtoto aliyeanza kutambaa yeye akiwa hayupo.

Kisa chenyewe ni cha matambara, na hakuna mwanachama wa zamani asiyekitabasamia. Vyuo vya Uingereza vilikuwa na desturi ya siku iitwayo Rag Day: wanafunzi wanavaa nguo kuukuu, wanajipaka masizi, wanazunguka mjini juu ya malori wakichangisha fedha za wasiojiweza. Desturi hiyo ilipandikizwa Mlimani kama ilivyo. Novemba 1968 maandalizi yakafanyika kama kawaida, malori yakaletwa. USARF na vijana wa TANU wa chuoni wakasema haiwezekani. Matambara yale ndiyo mavazi ya kila siku ya watu waliowalipia karo. Mtoto wa mkulima kuvaa umaskini kama kinyago mbele ya maskini mwenyewe ni kumtukana. Waliokuwapo husimulia kuwa kulipokucha malori yalikutwa yamekaa chini, matairi hayana pumzi hata moja, na vijana wamelizingira eneo wakitaka msafara usitoke. Polisi waliitwa. Msafara ukavunjika, na Rag Day haikuonekana tena Mlimani.

Wapo waliosema, na wapo wanaosema hadi leo, kwamba fedha zile zingemfaa mgonjwa fulani mahali fulani. Hoja hiyo ina uzito wake. Ila katika mabaraza yote ya vyuo ya wakati ule, ni machache yaliyobishana kwa pampu ya tairi yakashinda.

Mwaka uliofuata, Novemba 1969, likatoka gazeti. Liliitwa *Cheche*, jina lililofuata *Iskra* ya Lenin na *The Spark* la Nkrumah, likatolewa kwa pamoja na USARF na tawi la Umoja wa Vijana wa TANU. Wahariri walikuwa Hirji, Mapolu na Meghji. Lilirudufiwa kwa stensili. Aliyewahi kupiga stensili anajua adha yake: taipureta inatolewa utepe ili herufi zitoboe karatasi ya nta, ukikosea unapaka dawa, unapuliza, unangoja ikauke, unapiga tena juu ya kovu. Kisha kuna wino wa mashine, unaoganda kwenye kucha siku tatu. Ndipo kurasa zinapangwa mezani moja moja na kubanwa pini. Gazeti lililotoka hapo lilisomwa na mawaziri.

Toleo la kwanza lilikuwa na makala ya Rodney. Lakini lililotikisa ni toleo maalumu la Septemba 1970, lote likiwa maandishi ya Shivji, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza shahada ya kwanza. Aliuliza: benki zimetaifishwa, viwanda vimetaifishwa, sasa nani anavishika? Akajibu kuwa kuna mapambano ya kitabaka yanayoendelea kimyakimya nchini, na kwamba mtaji wa nje bado una mlango wa kupitia. Tanzania Publishing House ilipoyatoa maandishi hayo kama kitabu miaka michache baadaye, Rodney na walimu wengine waliandika maoni yao nyuma yake. Anayetaka kujua Mlimani nani alikuwa akimjibu nani aanzie hapo: mwanafunzi ameandika mbele, walimu wamefuata.

Serikali haikufurahi. Rodney mwenyewe alikuwa ameshaonja. Desemba 1969 *The Nationalist*, gazeti la TANU, lilimjibu kwa tahariri iliyoyaita maneno yake ya kimapinduzi kuwa hewa ya moto tu. Novemba 1970, miezi minne baada ya chuo kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kamili, amri ilishuka: USARF ivunjwe na *Cheche* lisitoke tena. Ilielezwa kuwa Umoja wa Vijana wa TANU unatosha, na kwamba jina lenye asili ya Urusi linatoa picha kuwa Tanzania inajenga ujamaa wa kuazima. Wahariri walijiuzulu. Gazeti lilikuwa limeishi mwaka mmoja.

Mrithi wake, *MajiMaji*, lilitoka mwanzoni mwa 1971 chini ya Umoja wa Vijana. Jina lilikuwa la kwetu kweli kweli, la vita vya 1905, na mdomo wake nao haukuwa mpole. Julai mwaka huo rais wa serikali ya wanafunzi, Symonds Akivaga kutoka Kenya, alifukuzwa baada ya kuushutumu uongozi wa chuo, na askari wakapanda Mlimani. Mabishano yenyewe yaliendelea miaka yote ya sabini, Shivji upande huu, Dani Nabudere upande ule, Mahmood Mamdani naye akiwamo, juu ya tabaka, dola na ubeberu. Yash Tandon aliyakusanya katika kitabu kilichotoka mwaka 1982.

Hapa pana dosari ambayo haifai kufichwa. Makomredi hawa waliokuwa tayari kutoa pumzi matairi kwa heshima ya mkulima walibishana kwa Kiingereza. Gazeti lao lilikuwa na jina la Kiswahili juu na Kiingereza ndani. Mkulima aliyetetewa hivyo asingeweza kusoma utetezi wake. Fanon, aliyesomwa Jumapili baada ya Jumapili, hakupata Kiswahili hadi 1978, pale Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga walipotoa *Viumbe Waliolaaniwa*.

Waliobishana kwa Kiswahili walikuwa korido nyingine, na ugomvi wao haukuwa mdogo. Euphrase Kezilahabi alihitimu Mlimani mwaka 1970, mwaka ule ule wa Museveni. Mwaka 1974 alitoa *Kichomi*, mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Mwaka mmoja kabla yake Kulikoyela Kahigi na Mugyabuso Mulokozi walikuwa wametoa *Mashairi ya Kisasa*. Malenga wa pwani na wa UKUTA, chama cha ushairi, walishika vichwa. Shairi bila vina, walisema, ni mazungumzo yaliyokatwa mistari. Vijana wakajibu kuwa urari ni desturi, si uhai wa ushairi. Siku hizi mtahiniwa wa kidato cha sita huulizwa swali hilo na kulipatia alama, bila kujua kuwa kuna watu waliacha kusalimiana kwa ajili yake.

Yaliyofuata yanatosha kutajwa tu. Machi 1978 wanafunzi waliandamana kupinga marupurupu mapya ya wabunge na mawaziri, mamia wakafukuzwa, serikali yao ikavunjwa, mahali pake ikaja MUWATA. Mei 1990 chuo kilifungwa kwa miezi kadhaa. Kisha MUWATA nayo ikapisha DARUSO. Kulikuwa pia na Mzee Punch, aliyebandika kejeli ukutani bila jina. Huyo si wa ukoo huu, kwani makomredi walitia sahihi.

Mwaka 2008 kilianzishwa Kigoda cha Mwalimu Nyerere, na wa kwanza kukikalia akawa Shivji, mvi kichwani. Mwaka uliofuata Wole Soyinka alikuja kuhutubia. Kigoda kikatoa jarida, *Chemchemi*, na safari hii Kiswahili kilikuwa ndani ya kurasa, si jaladani tu.

Wengine walitawanyika. Museveni aliingia Ikulu ya Uganda Januari 1986. Kategaya akawa waziri wake, wakakosana juu ya ukomo wa urais, kisha akarudi serikalini. Meghji aliongoza wizara ya maliasili na utalii, kisha akawa mwanamke wa kwanza kushika wizara ya fedha Tanzania. Rodney aliuawa kwa bomu Georgetown tarehe 13 Juni 1980, akiwa na miaka 38. Hirji alibaki na namba zake, akawa profesa wa takwimu za tiba, na mwaka 2010 aliwakusanya wenzake wakaandika kumbukumbu za *Cheche*. Mkuki na Nyota ndiyo iliyoichapa, nyumba ya Walter Bgoya, aliyekuwa meneja wa Tanzania Publishing House tangu 1972, mwaka kilipotoka kitabu cha Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika.