Mkazo na Kiitikio katika Nyimbo za Bendi za Sifa, Kitale na Bungoma

Mhakiki anayezisoma karatasini nyimbo za bendi za sifa makanisani Kitale na Bungoma huziona duni: maneno machache, yakirudiwa mno. Hukumu hiyo inaipuuza historia. Wamisionari wa Kanisa la Friends walifika Kaimosi mwaka 1902, na baadaye wakafungua kituo Lugulu, miongoni mwa Wabukusu. Nyimbo zilizotafsiriwa zilikuja na mahadhi ya Ulaya na Marekani, na hapo ndipo penye tatizo. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali mahadhi mengi ya kigeni hukomea kwenye pigo zito. Neno “Mwokozi” likifunga mshororo, ni “zi” inayobebeshwa mkazo. Hata jina la Tenzi za Rohoni ni la kuazima: zinayatii mahadhi kwanza, si arudhi ya utenzi wa pwani.

Reli ilifika Kitale mwaka 1926. Mashamba ya walowezi yakakusanya vibarua wa lugha nyingi, na Kiswahili kikawa lugha ya kukutania. Bendi za sasa hufupisha kauli, kiongozi akaanza na kusanyiko likaitikia, kama katika uimbaji wa litungu. (Gitaa lenyewe huenda ni geni kuliko linavyopigwa.) Mkazo hurudi mahali pake. Katika marudio kiongozi hubadili neno moja, akaingia Lubukusu na kurejea Kiswahili. Badiliko hilo ndilo ubeti, nalo karatasini halionekani.