Kiingereza cha Mdomoni: Somo la Kawajense



Dada yetu mmoja wa hapa Unguja aliolewa bara, akahamia na mumewe Kawajense, mjini Mpanda. Ameniuliza swali ambalo najua wengi wenu mnalo moyoni: "Kiingereza nimekisoma skuli miaka minne. Barua naandika. Mtu akinisemesha nakuwa bubu. Nianze na kitabu gani?" Ana sababu ya haraka: mtoto wa wifi yake anaingia kidato cha kwanza, na nyumbani yeye ndiye anayetegemewa kumsaidia.

Sikumtajia kitabu. Nilimwambia autazame kwanza mji aliohamia.

Nchi ile ya Wabende, Wakonongo na Wapimbwe haikukipata Kiswahili darasani. Karne ya 19 misafara ya biashara ilitoka pwani ikapita Tabora, mingine ikashuka mpaka Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo begani na maneno mdomoni. Baadaye madini ya risasi yaliwavuta watu Mpanda, na mwaka 1950 reli ikafika kutoka Kaliua. Mji wa mgodi na reli hukusanya watu wa kila kabila, na mtu hangoji kujua ngeli zote ndipo aulize bei ya unga. Mwaka 1972 wakaja wakimbizi wa Burundi, wakapewa makazi Katumba, si mbali na mji. Nyumbani walisema Kirundi, watoto wakasoma skuli kwa Kiswahili. Mwaka 2014, wakimbizi zaidi ya 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walipewa uraia wa Tanzania.

Hata hapa kwetu mambo yalikuwa hivyo. Edward Steere, mmisionari Mwingereza, alifika Unguja mwaka 1864. Alikaa na watu wa mji, akasikiliza hadithi zao na kuziandika kama walivyozisimulia, na mwaka 1870 akatoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili. Sarufi aliyoiandika aliichota vinywani mwa wazee wetu. Mzungu alikuja kuwa mwanafunzi wetu, akakosea mbele yetu, na hakuona haya. Sisi tumeitoa wapi haya ya kukosea mbele yake?

Mimi naona imetoka darasani. Tangu 1967 skuli za msingi za Serikali huko bara zikafundisha kwa Kiswahili, na Kiingereza kikabaki somo moja kati ya masomo. Mtoto akiingia sekondari, kila kitu kinageuka Kiingereza kwa ghafla. Mwaka 1982 tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kiendelee mpaka sekondari, halikutekelezwa. Mwaka 1984 Criper na Dodd, wataalamu kutoka Uingereza, waliwapima wanafunzi wakaona kuwa wengi hawakukiweza Kiingereza kiasi cha kusomea masomo mengine. Ndipo mtoto anapojifunza kunakili ubao na kunyamaza. Akijaribu kusema, wenzake wanacheka. Na msichana akichekwa mara mbili, ya tatu hainyanyui mkono. Huyo dada yetu alikuwa mmoja wao.

Wapo watakaomwambia kuwa mke wa Kiislamu kujitia Kiingereza ni kujitia uzungu. Bwana Mtume (s.a.w.) alimwamuru Zayd bin Thabit ajifunze lugha ya Mayahudi, na katika riwaya ya Tirmidhi Zayd anasema haikutimia nusu ya mwezi ila alikuwa ameshaijua. Kweli, habari ile ilihusu kusoma na kuandika barua. Lakini kwa namna ya kujifunza tuna mfano wetu wa karibu zaidi: Qur'ani tuliipokea chuoni mdomo kwa sikio. Mwalimu anasoma, wewe unafuatisha, anakurudisha, unafuatisha tena. Tajwidi ya kitabuni peke yake haijamnyoosha mtu ulimi. Na bi harusi gani alifundwa na somo wake kwa ubao na chaki?

Chukueni jambo dogo. Sisi tunasema "yeye" kwa mume na kwa mke. Mwingereza ana "he" kwa mwanamume na "she" kwa mwanamke. Kanuni hiyo unaihifadhi kwa dakika moja, lakini ulimi unaweza kukataa mwaka mzima, mpaka umemtaja mumeo na mama mkwe wako mara mia kwa sauti. Au chukua "nimepika": tayari unayo maana ya "I have cooked" kwenye hiyo -me-. Kinachokosekana ni kuizoesha midomo jikoni, sufuria ikiwa motoni.

Basi nilimwambia hivi: kila usiku baada ya Isha amhadithie mumewe siku yake kwa sentensi kumi za Kiingereza, na mume asimkatize mpaka amalize. Makosa yaje baadaye, na yasizidi mawili kwa usiku mmoja. Asubuhi sentensi zile zile amsemeshe yule mtoto.

Juzi ameniletea ujumbe wa sauti wa dakika mbili. Ndani yake mama mkwe ni "he" mara tatu, na nyuma anasikika mume akizuia kicheko. Yeye hakusimama. Aliendelea mpaka sentensi ya kumi.