Geti Juu, Mto Chini

Msomaji, ukitaka kuijua historia ya ardhi katika nchi ya Wakikuyu huko Kenya ya kati, weka kando kwanza vitabu vya vita. Tafuta geti. Utaliona kando ya barabara ya juu, ile inayofuata mgongo wa kilima: mbao au mabati, mnyororo, kufuli. Nyuma yake kuna njia ya upana wa gari moja. Inateremka kati ya mashamba, kahawa upande huu, migomba upande ule, inapita nyumba nne, tano, sita, hadi karibu na mto. Geti ni la mtu mmoja. Njia ni ya wote. Na ufunguo uko mfukoni mwa aliye juu.

Basi siku ufunguo ukikataa kutoka mfukoni, mambo huanza. Maziwa ya alfajiri hayafiki barabarani. Mgonjwa anabebwa mgongoni hadi pale gari liliposimama. Mwenye lori la mawe ya kujengea anageuza, na bado anadai nauli yake. Aliye chini anasema, "Huyu jirani ana roho mbaya." Aliye juu anajibu, "Hii shamba ni yangu, taito ninayo." Chifu anaitwa. Watoto wa nyumba mbili wanakatazwa kucheza pamoja.

Mimi sikatai kwamba roho mbaya ipo. Lakini ugomvi wa watu hawa ulichorwa kwenye ramani kabla wengi wao hawajazaliwa. Hebu tuufuate tangu mwanzo.

Kabla ya ramani, ardhi ilikuwa ya mbari, yaani watu wa ukoo mdogo wenye babu mmoja. Eneo lao liliitwa githaka, na msimamizi wake muramati. Mipaka ilionyeshwa kwa miti, kwa vijito, na kwa ua la itoka lililopandwa mstari. Jomo Kenyatta alizieleza desturi za ardhi za watu wake katika kitabu Facing Mount Kenya, kilichotoka mwaka 1938. Familia moja iliweza kuwa na vipande hapa na pale: kimoja bondeni penye unyevu, kingine juu, kingine ng'ambo ya mto. Kwa hiyo kila mtu alikuwa mpita njia katika shamba la mwenzake. Leo napita kwako kwenda kwenye viazi vyangu, kesho unapita kwangu kwenda kwenye mtama wako. Ugomvi wa mipaka ulikuwepo, tena mkali, tusidanganyane. Lakini kumfungia jirani njia kulikuwa ni kujifungia mwenyewe.

Halafu ikaja hali ya hatari. Serikali ya kikoloni iliitangaza tarehe 20 Oktoba 1952 ili kuwavunja wapiganaji wa Mau Mau. Kuanzia 1954, zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kutoka kwenye maboma yao na kusongamanishwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyolindwa kwa bunduki. Maelfu kwa maelfu ya wanaume walikuwa kizuizini. Mwaka huo huo wa 1954 ulichapishwa mpango wa Roger Swynnerton, ofisa wa idara ya kilimo. Mpango ulitaka vipande vya kila mwenye shamba vikusanywe viwe shamba moja, shamba lipimwe, liandikishwe, na mwenyewe apewe hati. Hapo ataweza kupanda kahawa na chai, kufuga ng'ombe wa maziwa, kukopa benki. Mpango wenyewe haukuficha matokeo: wenye uwezo watajiongezea ardhi, wengine watapungukiwa, na litatokea tabaka la wenye ardhi na tabaka la wasio na ardhi. Uliliona hilo kuwa hatua ya kawaida katika kukua kwa nchi.

Kamati za wazee zilipima vipande vya kila mtu, zikajumlisha, zikakata sehemu kwa ajili ya barabara, shule na masoko, kisha zikatoa kipande kimoja badala ya vingi. Sasa itazame nchi yenyewe. Mito inayotoka Nyandarua na Mlima Kenya imechimba mabonde mengi, na kati ya bonde na bonde kuna mgongo mwembamba wa kilima. Barabara zilipitishwa juu ya migongo hiyo. Mashamba mengi yakakatwa kama mikanda mirefu kutoka barabarani juu hadi mtoni chini. Aliyechora hivyo hakuwa mjinga. Kila mmoja alipata barabara yake na maji yake, na siku ile hapakuwa na haja ya kupita kwa jirani.

Lakini si wote waliokuwepo siku ile. Aliyekuwa kizuizini alisemewa na mkewe au nduguye, au hakusemewa na mtu. Waliokuwa upande wa serikali ndio waliosikika zaidi katika kamati nyingi. Huko Fort Hall, yaani Murang'a ya leo, kasoro zilizidi hata kazi ikabidi kurudiwa. Mwaka 1957 sheria ilisimamisha kesi za ardhi katika mahakama za Waafrika ili upimaji usicheleweshwe. Na sheria ya ardhi iliyoandikishwa, ya mwaka 1963, ikasema kwamba uandikishaji wa kwanza hauwezi kubatilishwa hata kama ulipatikana kwa hila. Mlango wa malalamiko ukafungwa. Kufuli la kwanza katika historia hii lilikuwa la karatasi.

Geti la chuma lilikuja baadaye, pamoja na watoto. Mzee mwenye ukanda wake alizaa wana wanne. Akiugawa kwa urefu, kila kijana anapata uzi, si shamba. Basi anaugawa kwa kukatiza: wa kwanza barabarani, wa pili chini yake, wa tatu chini zaidi, kitinda mimba mtoni. Na njia? Mzee anaonyesha kwa fimbo, "Mtapita hapa." Mwenye bahati alimwita mpima ardhi akaichora njia hiyo. Wengine wengi waliridhika na neno la mzee, maana baba akisema amesema.

Mzee anakufa. Mwana wa juu anahitaji karo au anataka kuhamia mjini, anauza. Mnunuzi anakuja na pesa zake na ukoo wake, analipa, anapewa hati. Neno la mzee halimo ndani ya hati ile. Anaona watu wasiomhusu wanapita katika kitu alichonunua. Unadhani atafanya nini? Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Katika vilima hivi aliye chini ndiye anayemngoja aliye juu, aje afungue.

Kuna watakaouliza, "Sasa sheria iko wapi?" Sheria ipo, na hapa nakuomba usome polepole. Sheria ile ya 1963 ilikubali kwamba haki ya njia iliyokuwepo wakati wa uandikishaji wa kwanza inaendelea hata kama haikuandikwa kwenye daftari. Vizuri. Lakini njia ya mzee wetu ilizaliwa baada ya hapo. Na katika hukumu za mwaka 1972 na 1973, Mahakama Kuu ilikataa kuzihesabu haki za kimila kati ya zile zinazomfunga mwenye hati bila kuandikwa. Wazee wakashangaa kuambiwa kwamba walichokijua maisha yao yote hakipo.

Ikabaki sheria ya ukomo wa madai. Hiyo inasema kwamba mtu akiitumia njia kwa miaka 20, kwa amani, waziwazi, bila kukatizwa, na kama mtu mwenye haki, basi njia inakuwa haki yake kweli. Neno gumu ni hilo la "kama mtu mwenye haki". Maana yake hakupita kwa ruhusa. Aliyekuwa akiomba na kuruhusiwa alipita kwa hisani ya mwenyewe, na miaka ya hisani haihesabiwi, hata ikifika hamsini.

Naam, fikiri juu ya jambo hili. Katika malezi yetu mtu hapiti uani kwa watu kimyakimya kama mwizi. Anabisha hodi. Anasema, "Mzee, naomba nipite na ng'ombe wangu." Anaitikiwa, "Pita, mwanangu." Hayo ndiyo maadili tuliyofunzwa. Kumbe mbele ya sheria hii kila ombi kama hilo lilikuwa ushahidi dhidi yake. Mtovu wa adabu aliyepita bila kusalimu kwa miaka 20 anaweza kushinda kesi. Mwenye adabu anashindwa kwa adabu yake.

Mgeuzie upande wa pili mwenye shamba la juu, naye usimwonee. Kahawa huibwa usiku kupitia njia ile ile. Lori likipita masika linaacha mashimo, na wenzake wa chini wakiambiwa wachange pesa za murram kila mmoja ana safari. Zaidi ya hayo, akiwaacha tu wapite kwa wema, bila neno, miaka inahesabika juu yake. Wakili atamshauri, na ushauri ni wa busara, "Mzee, funga geti mara moja moja, wajue wanapita kwa ruhusa yako." Kwa hiyo mtu ambaye hakuwa na ubaya wowote anakwenda dukani kununua kufuli.

Sheria hiyo haikuota Nyandarua. Huko Uingereza kipindi cha miaka 20 kwa haki ya njia kiliwekwa katika sheria ya mwaka 1832, nchi ikiwa katikati ya kazi ya kuzungushia ua mashamba yaliyokuwa yakitumiwa kwa pamoja. Bunge la huko lilipitisha sheria zaidi ya 5,000 za kazi hiyo kati ya 1604 na 1914. Makamishna walichora barabara za umma na barabara za binafsi, kila moja na wenyewe. Katika ulimwengu wa namna hiyo, kuomba ni kukiri kwamba huna. Kwetu kuomba ni kumheshimu mwenzio, hata pale unapojua unayo.

Tukivuka mpaka kidogo hadi Kilimanjaro, ambako pia watu wamebanana mlimani, kuna mmea uitwao isale. Wachaga huupanda kwenye mpaka wa kihamba. Na mtu akimkosea mwenzake humpelekea jani la isale kuomba msamaha, na kulikataa jani hilo ni jambo zito. Mmea ule ule unaosema "hapa ndipo mwisho wako" ndio unaosema "tusameheane". Sisemi kwamba Wachaga hawagombanii mipaka. Wanagombana sana. Nasema tu kwamba mpaka wao uliachiwa mdomo, na kufuli halina mdomo.

Kenya yenyewe imeanza kurekebisha. Katiba ya 2010 inazitaka mahakama kukuza usuluhishi, pamoja na ule wa kimila. Sheria ya ardhi ya mwaka 2012 inamruhusu mwenye shamba lililozibwa pande zote kuiomba mahakama amri ya kupatiwa njia. Haimdai miaka 20. Mahakama hutazama shamba lilizibwaje, nani ataumia zaidi, na kama wahusika walijaribu kuelewana kwanza. Yaani hodi imerudishiwa thamani yake! Kuomba kulikompotezea mtu haki katika sheria moja kunampa uzito katika nyingine.

Hata hivyo kesi ni gharama, na mahakama ya ardhi haiko kila tarafa. Tena sheria yoyote itakayotumika itauliza swali moja: njia hii ilikuwepo tangu lini, na ilipita wapi? Jibu la swali hilo mara nyingi haliko kwenye ramani. Liko kichwani mwa bibi wa miaka themanini anayekumbuka walipochotea maji, na mwa mzee aliyesimama pale fimbo ilipoonyesha. Wakiondoka hao, geti limeshinda, bila hata kesi kusikizwa.

Ndiyo maana naliandika jambo hili katika jarida la vijana. Sisi tunapenda kuandika mapenzi na siasa, na ni sawa. Lakini likizo hii, ukienda nyumbani, chukua daftari. Tembea na babu kutoka barabarani hadi mtoni. Muulize kila kona: hapa palikuwa na nini, nani alipita, nani alikubali, mwaka gani. Andika majina ya waliokuwepo. Kama baba yako bado yu hai na hajagawa shamba, mwambie bila woga, ila kwa heshima, kwamba njia ichorwe kwenye ramani kabla vipande havijapewa namba. Ndugu wanaposikilizana ni kazi ya mpima ardhi wa siku moja. Wakiacha kusikilizana, ni kazi ya mawakili wa miaka kumi.

Na kama wewe ndiwe mtoto wa aliye juu, andika pia. Andika mashimo ya lori, andika kahawa iliyoibwa, andika nani alichanga murram na nani hakuchanga. Kisha mkae chini na wenzenu, mwandikiane karatasi ya njia hiyo, upana wake na matunzo yake, mkaiandikishe. Geti linaweza kubaki hapo hapo lilipo, maana wezi wapo. Funguo zitengenezwe sita.